Kwa Nini Tovuti Iliyo Nyepesi kwa Mtengenezaji Humshinda Mgeni

Anayetengeneza tovuti huijua kuliko mtu mwingine yeyote, na shida nyingi za tovuti huanzia hapo hapo. Anajua fomu ya maombi imekaa ukurasa gani kwa sababu ndiye aliyeiweka. Anajua kwamba vistari vitatu vilivyopangana kwenye kona ni menyu. Anajua kuwa ukibonyeza "Tuma" ukurasa hukaa kimya sekunde kadhaa kabla ya kujibu, kwa hiyo hababaiki. Anayeifungua kwa mara ya kwanza hana hata kimoja kati ya hivyo. Amekuja na jambo lake: alipe ada, ajue ofisi inafunguliwa saa ngapi, aombe nakala ya cheti, kisha aende zake. Kila anachokijua mtengenezaji na asichokijua mgeni ni pengo, na kazi ya usanifu ni kuyaziba mapengo hayo moja baada ya jingine.

Lakini mtu hawezi kujisahaulisha anachokijua. Ndiyo maana ushauri wa kujifikiria wewe ni mtumiaji hausaidii sana, hata kama umetolewa kwa nia njema. Yako mambo mawili yanayosaidia. La kwanza ni kujifunza namna macho, kumbukumbu na vidole vya binadamu vinavyofanya kazi, mambo yaliyochunguzwa tangu kabla ya tovuti kuwapo. La pili ni kuwatazama watu wenyewe wakiitumia kazi yako, bila kuwasaidia.

Rahisi kwa nani?

Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lina kiwango cha ISO 9241-11 kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa 2018. Kiwango hicho hakipimi urahisi wa kitu peke yake. Kinauliza kama watu fulani, wenye lengo fulani, katika mazingira fulani, wanalifikia lengo lao, kwa juhudi kiasi gani, na kama wanaridhika. Ukiyachukua maswali hayo kwa uzito, mabishano mengi ya vikaoni huisha. Mkuu wa idara akisema "mimi naiona iko sawa", jibu ni kwamba yeye hakutengenezewa tovuti hiyo. Swali ni kama mzazi aliyesimama kituoni, simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, jua likimulika skrini, anaweza kulipa ada kabla gari halijafika.

Tovuti inaweza kuwa nzuri kwa mhasibu anayeshinda nayo siku nzima na ikawa mbaya kwa mteja anayeiingia mara moja kwa mwaka. Mhasibu anataka kasi na njia za mkato. Mteja anataka kuelekezwa hatua kwa hatua. Kabla ya kuchagua rangi au picha, inabidi kuamua nani anahudumiwa na anakuja kufanya nini.

Watu hupitia, hawasomi

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mmoja wa watafiti waliotangulia katika uwanja huu, alieleza matokeo ya kufuatilia macho ya watu wanaposoma kurasa za mtandao. Macho mara nyingi yalichora umbo la herufi F: mstari wa juu husomwa karibu wote, mwingine chini yake husomwa nusu, kisha macho huteremka upande wa kushoto yakiokota maneno machache ya mwanzo. Wengi wamechukua umbo hilo kama ramani ya kupangia ukurasa. Mimi naliona kama dalili ya ugonjwa. Macho huteremka hivyo pale ukurasa unapokuwa ukuta wa maandishi usio na vichwa vidogo wala mahali pa kushikia.

Dawa yake iko zaidi kwenye uandishi kuliko kwenye uchoraji. Kichwa kidogo kianze na neno lenye uzito. "Kurejeshewa pesa" humfaa anayepitia haraka kuliko "Mambo muhimu unayopaswa kuyafahamu kuhusu utaratibu wa kurejeshewa pesa", kwa sababu jicho huenda lisifike mwisho wa mstari. Kiungo nacho kitaje kinakokwenda. Kiungo kinachosema "bofya hapa" hakina maana kwa mtu asiyesoma sentensi nzima, na kinamwumiza zaidi mtu asiyeona. Programu za kusoma skrini humwezesha mtumiaji kusikia orodha ya viungo vyote vya ukurasa, na akisikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" hana cha kuchagua.

Menyu na ile namba saba

Kuna dai linalorudiwa sana kwamba menyu isizidi vipengele saba. Chanzo chake ni makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, iliyosema kumbukumbu ya muda mfupi hubeba takriban vitu saba, pungufu au zaidi viwili. Miller alikuwa anazungumzia vitu ambavyo mtu anavishika kichwani. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Menyu ya vipengele kumi na viwili vilivyopangwa vizuri na kupewa majina yanayoeleweka humfikisha mtu upesi kuliko menyu ya vitano inayosema "Suluhisho", "Rasilimali" na "Huduma zetu".

Tatizo la kweli ni majina na mpangilio. Tovuti nyingi za taasisi hupangwa kama muundo wa uongozi wake: idara hii ina ukurasa wake, kurugenzi ile ina wake. Mwananchi hajui cheti kinatolewa na kurugenzi gani, wala hana sababu ya kujua. Njia nzuri ya kujinasua ni kuandika mambo yote yaliyomo kwenye tovuti juu ya kadi, kila jambo kadi yake, kisha kuwapa watu wa nje wazipange mafungu wanavyoona wao na kulipa kila fungu jina. Mafungu yao mara nyingi hayafanani na ya kwako, na majina yao karibu kila mara huwa mafupi na ya wazi kuliko yako.

Dai jingine linalorudiwa ni kwamba kila kitu kifikiwe kwa mibofyo mitatu. Sioni msingi wake. Mtu hachoki kwa sababu amebofya mara tano, maadamu kila mbofyo umemhakikishia kwamba anakaribia. Kinachomchosha ni kusimama njia panda asijue pa kwenda.

Hapa ndipo mazoea yanaposaidia. Nielsen ana kanuni yenye jina lake inayosema kwamba watu hutumia muda mwingi zaidi kwenye tovuti za wengine kuliko kwenye ya kwako. Wamekwisha kujifunza huko kwamba nembo ya juu huwarudisha ukurasa wa mwanzo na kwamba maneno yaliyopigiwa mstari ni kiungo. Ukivibadili ili uonekane mbunifu, unawatoza gharama ya kujifunza upya, na wewe hulipi chochote.

Kusubiri

Vipimo vya subira ya binadamu mbele ya kompyuta vilielezwa na Robert Miller mwaka 1968, na Nielsen akavieneza baadaye. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi amelisababisha yeye mwenyewe. Likija ndani ya sekunde moja, anagundua kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Likizidi sekunde kumi, akili huhamia kwingine. Kompyuta zimebadilika sana tangu wakati huo ila sisi hatujabadilika, na mipaka hiyo bado inatumika.

Google nayo ina vipimo vyake: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka. Hicho cha tatu kila mtu amekionja. Unanyoosha kidole kugusa kiungo, papo hapo picha inaingia juu yake, maandishi yanashuka, na kidole kinatua kwenye tangazo. Chanzo mara nyingi ni kidogo: aliyeandika ukurasa hakutaja upana na urefu wa picha, kwa hiyo kivinjari hakikujua kiitengee nafasi gani. Kuvitaja ni suala la maneno mawili kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao.

Picha hizo hizo ndizo zinazochelewesha kurasa nyingi. Picha ya megabaiti kadhaa, kama ilivyotoka kwenye kamera, huwekwa ndani ya kiboksi kidogo, na mtumiaji anaishusha yote kwa pesa yake ya intaneti. Mtengenezaji haoni shida kwa sababu ana kompyuta yenye nguvu, mtandao wa kasi, na kivinjari ambacho kimekwisha kuihifadhi picha hiyo.

Kidole, jicho, sikio

Mwaka 1954 Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kuifikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Iliyo ndogo na ya mbali huchelewesha na kukosesha. Leo shabaha ni kitufe na mkono ni kidole gumba. Miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofikiwa na watu wote, WCAG, inayotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, ilipotoka katika toleo la 2.2 Oktoba 2023 iliweka kipimo cha chini cha sehemu ya kugusa kuwa pikseli 24 kwa 24, huku kipimo cha daraja la juu kabisa kikiwa 44 kwa 44. Umbali kati ya vitufe nao una uzito. "Hifadhi" na "Futa" havipaswi kubanana.

Miongozo hiyo hupima pia tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kinachoyazunguka. Kipimo huanzia 1:1, yaani maandishi hayaonekani kabisa, hadi 21:1, nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5:1, na makubwa 3:1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambayo yamekuwa mtindo, hushindwa kipimo hiki mara nyingi. Kwenye kompyuta ya msanifu, ndani ya chumba chenye kivuli, yanapendeza. Nje juani hayasomeki, hata kwa kijana mwenye macho mazima.

Rangi peke yake isibebe ujumbe. Kati ya watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ambako jambo hili limepimwa sana, karibu mwanamume mmoja kati ya 12 na mwanamke mmoja kati ya 200 hawatofautishi baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Kisanduku kinachogeuka chekundu bila neno lolote kinawaacha gizani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya binadamu, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Hao si wageni wa nadra wa kutengewa ukurasa wao pembeni. Mengi wanayoyahitaji yanapatikana kwa kuandika HTML inavyopaswa. Kichwa kiandikwe kama kichwa, kisiwe maandishi yaliyonenepeshwa, kwa sababu asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho. Kitufe kiwe kitufe kweli, kisiwe mraba uliopakwa rangi, kwa maana anayetumia kibodi bila kipanya hataufikia. Picha inayobeba habari iambatane na maelezo ya maandishi. Mambo haya yakifanywa mwanzoni, gharama yake ni ndogo sana. Yakiachwa hadi tovuti imekamilika, ni kubomoa na kujenga upya.

Fomu

Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha sehemu moja tu ya tovuti yoyote, ningechagua fomu. Hapo ndipo mtumiaji anaposhindwa au anapofanikiwa. Kurasa nyingine zote zilikuwa njia ya kufika hapo.

Anza na maswali yenyewe. Kila swali lina gharama, na anayeilipa ni mtumiaji. Kama hakuna mtu ndani ya ofisi anayeweza kusema jibu la swali fulani litatumika wapi, swali hilo liondoke. Jared Spool, mtaalamu wa miaka mingi wa usanifu wa namna hii, amesimulia habari za duka kubwa la mtandaoni lililowalazimisha wateja kujiandikisha kabla ya kulipa. Wenye duka waliamini kujiandikisha kunawarahisishia wateja safari ijayo. Walipowatazama wakinunua, waliona wapya wanachukia kuulizwa, na wa zamani hawakumbuki barua pepe wala nywila waliyotumia. Kitufe cha kujiandikisha kiliondolewa, kikawekwa cha kuendelea pamoja na maelezo kwamba akaunti si lazima. Kwa masimulizi ya Spool, wanunuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza duka likapata dola milioni 300 zaidi. Hakuna aliyekuwa ndani ya duka hilo aliyekuwa amekiona kizuizi hicho.

Halafu yako majina ya visanduku. Wapo wanaoyaandika ndani ya kisanduku kwa rangi hafifu ili ukurasa uonekane safi. Ukianza kuandika, jina linatoweka. Ukikatizwa na simu, ukirudi hujui kisanduku cha tatu kilikuwa cha nini, na ili ujue inabidi ufute ulichoandika. Mojawapo ya kanuni 10 za Nielsen za mwaka 1994 ndiyo hiyo: usimtake mtu akumbuke kile ambacho ungeweza kumwonyesha. Jina likae juu ya kisanduku na lisiondoke.

Kompyuta ifanye kazi inayoiweza. Mtu akiandika namba ya simu yenye nafasi katikati, mashine inaweza kuziondoa nafasi hizo mara moja, kwa nini imrudishe aziondoe kwa mkono? Akiwa na jina lenye ritifaa, kama Ng'ang'a au O'Brien, fomu ikamwambia jina lake si sahihi, fomu ndiyo yenye makosa. Tarehe ya kuzaliwa nayo isiulizwe kwa kalenda, maana mwenye miaka sitini atarudi nyuma mwezi baada ya mwezi hadi achoke. Fomu za serikali ya Uingereza kwenye GOV.UK huweka visanduku vitatu tu, siku, mwezi na mwaka, na mtu anaandika.

Kuhusu nywila, mateso mengi yanayofanywa kwa jina la usalama hayana mashiko. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri watu wasilazimishwe kuchanganya herufi na alama za aina aina, wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu, na waruhusiwe kubandika nywila kutoka kwenye programu inayozitunza. Tovuti inayozuia kubandika inamsukuma mtu kwenye nywila fupi anayoweza kuikariri, yaani dhaifu.

Na makosa yakitokea? Ujumbe useme ni nini, ni wapi, na kifanyike nini. "Ingizo batili" halisemi lolote kati ya hayo. "Tarehe ya kurudi iko kabla ya tarehe ya kuondoka, badilisha mojawapo" inasema yote matatu, bila kumlaumu mtu. Ujumbe huo ukae jirani na kisanduku chenye tatizo, na kila alichokwisha kujaza kibaki. Kumfutia mtu fomu nzima kwa kosa moja ni kumkosea heshima. Tena, badala ya kumwuliza "Una uhakika?" kila anapofuta kitu, mpe njia ya kukirudisha. Swali hilo watu hulijibu ndiyo kwa mazoea, bila kulisoma.

Maarifa haya yote yanaweza kugeuzwa silaha. Mwaka 2010 Harry Brignull alianza kukusanya mifano ya usanifu uliotengenezwa kumhadaa mtumiaji: kujiunga kwa mguso mmoja huku kujitoa kukifichwa kurasa tano ndani, au kisanduku kilichotiwa tiki tayari ili ukubali usichokiomba. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya huduma za kidijitali ya 2022, umeyapiga marufuku majukwaa ya mtandaoni kutumia hadaa za namna hii. Wapo wanaouita huo ujanja wa biashara. Mimi nauita wizi wa muda na pesa za watu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Msemo huu unafaa kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha wasanifu, kwa sababu mgeni ndiye mwenye macho waliyoyapoteza wao. Namna ya kupima si ngumu. Mwite mtu anayefanana na watumiaji wako, asiwe mfanyakazi mwenzako, atumie simu yake mwenyewe. Mpe jambo la kufanya, ulieleze kwa lugha ya maisha: "umepoteza kadi, tafuta namna ya kupata nyingine." Usitumie neno lililoko kwenye menyu, utakuwa umemwonyesha njia. Mwombe aseme kwa sauti anachokifikiria. Kisha nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Atapita mbele ya kitufe mara tatu asikione, nawe utatamani kukinyooshea kidole. Ukifanya hivyo umepoteza kile ulichomwitia. Wala usimwulize kama tovuti imempendeza, kwa kuwa atasema ndiyo kwa adabu. Sikiliza zaidi pale anapojilaumu: "mimi haya mambo siyawezi." Watu wana tabia ya kubeba lawama za kitu kilichotengenezwa vibaya, na kwa hiyo kauli hiyo ni alama ya mahali pa kurekebisha.

Wangapi wanatosha? Mwaka 1993 Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba kama kila mtu mmoja anayeijaribu tovuti hukutana na asilimia 31 ya matatizo, watano watafichua karibu asilimia 85. Tangu hapo "watano wanatosha" imegeuka kanuni, na watu husahau sharti lake. Tatizo linalomkuta mtu mmoja kati ya kumi lina nafasi ya asilimia 41 tu ya kuonekana mbele ya watu watano. Ndiyo maana ni bora kupima na watano, kurekebisha, kisha kuwaita watano wengine, kuliko kuwaita ishirini mara moja na kuacha hapo.

Tovuti ikishafunguliwa kwa umma, kisanduku cha utafutaji huendelea kutoa ushahidi kila siku, kwa maana humo watu huandika shida zao kwa maneno yao wenyewe. Kumbukumbu zake zisomwe kila mwezi na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha kurasa. Mamia ya watu wakiwa wanaandika "nimepoteza kadi" huku ukurasa wanaoutafuta ukiitwa "Huduma za Uhuishaji wa Vitambulisho", ukurasa huo ubadilishwe jina wiki hiyo hiyo.